Kati ya Milango Miwili ya Misheni

Enzi zetu Kitengela, nyumbu walipita nyuma ya ploti tulikopanga, na mvua iliponyesha, udongo mweusi uling'ang'ania viatu hata mtu akafika kanisani amerefuka. Jumamosi, baada ya katekisimu, masista wawili walitufundisha lugha zao saa ileile, kila mmoja katika chumba chake: Sista Agnese Kiitaliano, Sista Pilar Kihispania. Ilikubidi uchague.

Moyo wangu ulikuwa kwa Sista Pilar, aliyefundisha kwa kuimba. Lakini Sista Agnese ndiye aliyeniuguza nimonia katika zahanati yao ya Kajiado, akininywesha uji kijiko kwa kijiko na kuniombea kwa Kiitaliano kwa wiki nzima. Ningeupitaje mlango wake? Nikachora jedwali katika daftari la hesabu: Kihispania kushoto, Kiitaliano kulia, sababu kwa nambari. Kila upande mmoja ulipozidi, niliuongezea ule mwingine. Mama, aliyelelewa Bungoma na asiyekuwa na subira na majedwali, alisema, "Wewe hata ugali utaufikiria mpaka upoe."

Jumamosi tatu nilisimama baina ya milango ile. Rafiki yangu Naserian, ambaye alikwisha kuingia kwa Sista Pilar bila kuwaza lolote, alikuwa amenizoeza salamu ya Kimaasai: mtoto huinamisha kichwa, mkubwa akakigusa. Basi kila sista alipopita nilimwinamia, nikaguswa, nikabaki palepale, kana kwamba adabu ingetosha kuwa jibu.

Jumamosi ya nne, mkono wa Sista Agnese haukuondoka kichwani.

"Unaogopa nini, mtoto wangu?"

Nikamweleza yote, hata jedwali.

"Sikukutibu ili uwe wangu," akasema. "Nilikutibu upone. Nenda ukaimbe."

Nikaingia kwa Sista Pilar, mwepesi kwa mara ya kwanza tangu zahanati.

Mwezi uliopita, nilipotakiwa kuchagua lugha nyingine ya utafiti wa shahada yangu ya uzamili, nilitoa daftari kama zamani. Nilikwisha kupiga mistari ya jedwali nilipoukumbuka mkono ule. Nikaandika kwa wino: Kiitaliano. Safari hii sikuwa nikilipa fadhila. Nilitaka tu kuijua lugha aliyoniombea nayo.

Mpwa wangu hujifunza lugha tano katika simu na kuziacha zote kabla chai haijapoa. Namwonea wivu kidogo, kwa kuwa hana wa kumkosea. Ila hana pia wa kumwinamia kichwa.