Maji Yaliyozeeka Chini ya Shimo la Taka

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya miaka ya themanini ambayo bado inanijia kama ukungu wa kwetu Chonyonyo, polepole, bila hodi. Nikikosea mahali, unisamehe. Shule yangu ilikuwa fupi.

Mlimani, upande wa juu wa migomba yetu, palikuwa na shimo la taka za gulio. Nilipoolewa, maji yaliyovuja chini yake yalikuwa meusi, yananuka kama pombe iliyochacha, na majani yaliyoguswa nayo yaliungua. Nisiwalaumu watu wa gulio peke yao. Betri za redio yetu nazo tulizitupa humo. Chemchemi ya karibu, iliyoingiwa na maji hayo, tukaiacha, tukawa tunashuka bondeni, mbali.

Miaka ikapita. Shimo likafukiwa, maji yakageuka rangi ya chai, kisha yakawa meupe. Uvundo ukaisha. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na kile kilima cha kupanda na ndoo kutoka bondeni kilikuwa kinanimaliza. Asubuhi hiyo nikainamisha ndoo pale chemchemini.

"Unamtekea nani?" Alikuwa mama mkwe wangu, mundu mkononi.

"Sisi, mama. Yameshatakata."

"Nani kakwambia?"

"Macho yangu."

"Macho yako yamechoka na kilima."

Hakunigombeza zaidi. Alijaza kibuyu, akakiziba, akakiweka juani. Mchana akaniambia nikizibue. Ilitoka harufu ya zizi la mbuzi, ikanichoma pua mpaka machozi.

"Yamezeeka," alisema, "hayajapona. Ukali wa ujana umeyatoka, huu ni wa uzee. Hata mimi sipigi kelele siku hizi, lakini muulize mumeo kama nimepoa."

Nilicheka huku nalia. Kesho yake alinipokea ndoo, tukashuka wote bondeni, magoti yake yakimlalamikia, na hakuacha hadi nilipojifungua.

Vyura walirudi pale chemchemini yeye akiwa ameshatutoka. Nilifurahi kuwasikia, ila sikuchota. Labda nilizidisha woga, sijui.

Basi, mwanangu, kilichoharibika kikianza kupendeza, usikitukane kwa weusi wake wa zamani, wala usikinywe kwa weupe wake wa leo. Kipe jua kwanza, ukinuse. Na kilima kikikushinda, sema, usijidanganye kwamba maji yametakata.

Mungu akujalie maji ya kunywa bila kunusa, na mtu wa kukupokea ndoo.