Siku Nilipoongeza Mwangaza Kanisani kwa Mama Mkwe

Hii aibu nimeificha hata kwa ndugu zangu, lakini wacha niseme tu, kwa sababu bila kuisema siwezi kumsifu Nekesa vile anastahili.

Nekesa tunatengeneza naye taa za LED hapa Kitale. Kanisa la mama mkwe wangu huko Bungoma lilitaka ubao wa kuonyesha namba za nyimbo, na mimi (mkwe mpya, natafuta sifa) nikasema lazima ung'ae. Sasa, kompyuta ya huo ubao ina faili ya kuieleza iko na taa gani na mwisho wa mwangaza wake ni wapi. Nekesa alikuwa ameandika themanini. Themanini, na taa zinaweza kufika mia mbili hamsini na tano! Nikasema huyu dada ni mchoyo wa mwanga, nikafuta nikaandika 255, nikaangalia ubao, haukubadilika hata kidogo (sikujua hiyo faili husomwa tu ukizima na kuwasha upya), nikaachana nayo.

Jumapili mama mkwe akapanda mimbari kutangaza wimbo wa kwanza, akageukia ubao, nami nikauwasha. Woi! Wanakwaya walifunika macho na vitabu, na mama mkwe, haoni mbele wala nyuma, akashuka ngazi akipapasa mpaka akanishika shingo kwa mikono miwili.

"Ni nani huyu?"

"Ni mimi, mama."

Kanisa lote likasema "Uuui!" Wazazi wangu walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri, lakini mke wangu Nafula alinionya mapema: kwao Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawagusani, hata mkono wa salamu hakuna. Na sisi tumekumbatiana mbele ya pasta! Nilijua heshima yangu kwa hiyo boma imeisha.

Nekesa, tuliyekuja naye, hakunigombeza. Alifungua laptop, akarudisha themanini, akazima, akawasha. Namba zikatokea zimetulia, na mzee wa kiti cha nyuma kabisa akazisoma kwa sauti.

"Nilikuja hapa Jumatano nikakaa kila kiti," akaniambia polepole. "Ndiyo nikapata hiyo themanini."

Kila kiti, bana! Mimi sikuwa nimekaa hata kimoja. Huyo ni fundi, na tangu siku hiyo sigusi namba ya mtu kabla sijamuuliza aliipata aje.

Baada ya ibada mama mkwe alisimama mbali, amenipa mgongo, akamtuma Nafula kwangu.

"Mama anasema amekusamehe," Nafula akasema, akijizuia kucheka. "Lakini taa zikiharibika, ati Nekesa aje peke yake."