Nilipogonga Pikapu ya Baba

Enzi zetu, pikapu haikuchaguliwa kwa picha za simu. Ilichaguliwa kwa kifundo cha kidole, na kwetu Mtongwe kidole chenyewe kilikuwa changu mimi. Wenzangu mliokulia Likoni miaka ile mtanielewa. Hawa watoto wetu wa leo, wanaotaka kununua gari huku wamejilaza kochini, waacheni wacheke. Nami ningecheka nao, lakini wiki iliyopita babangu aliniambia neno moja pale Changamwe, kwenye yadi ya magari, na tangu siku hiyo chai yangu yapoa kikombeni.

Ngoja nianze mbali kidogo. Baba, kabla sijazaliwa, alifanya kazi ya kubandua kutu kwenye meli. Miaka na miaka, nyundo mkononi, ndani ya matumbo ya chuma, na alipotoka huko alitoka na masikio yaliyokufa. La kushoto halikusikia kitu. La kulia lilisikia ukilipigia kelele kwa karibu, na mengine aliyasoma midomoni mwa watu. Akanunua pikapu kuukuu, akawa anabeba mawe ya kujengea, mchanga na boriti, na mara moja moja akiitwa kuvuta, ama gari la mtu lililozimika njiani, ama mashua inayopelekwa kwa fundi.

Pikapu ile ndiyo iliyokuwa utoto wetu. Nikifumba macho nainusa hata sasa: petroli, vumbi la mawe, na mahamri ya Mama yaliyofungwa gazetini. Siku ya Idi tulipakiwa nyuma na nguo zetu mpya, kila mmoja na pakiti yake ya mabuyu, midomo imetuiva wekundu, Mama akiapa kwamba atakayejipaka nguoni atashushwa njiani. Hakushushwa mtu. Jioni tulicheza kibe tukijificha chini yake, mpaka tuitwe nyumbani. Na ukisikia umeitwa kwa jina lako pamoja na la babako, ujue fimbo iko tayari.

Sasa, gari la Likoni lina ugonjwa wake. Kila siku lapanda feri, kila siku larushiwa maji ya chumvi tumboni, na kutu yalila kutoka chini huku juu lang'aa. Wauzaji wajanja walikuwa, na wangali, wakiziba matundu kwa pati, ule urojo unaokorogwa kama uji, ukikauka unapigwa msasa na kupakwa rangi. Kwa macho hujui kitu. Dawa yake ni kugonga. Bati zima hulia teng, sauti ikatembea. Pati hulia bu, ikafia hapo hapo. Na Baba, aliyeijua kutu kuliko mtu yeyote Mtongwe nzima, hakuweza kuisikia tofauti hiyo.

Basi alinifundisha mimi nikiwa na miaka saba, kwa sababu kaka zangu walikuwa hawatulii. Yeye aliweka kiganja juu ya bodi ya gari, mimi nikagonga, kisha akanitazama mdomoni. Bati au pati? Nikijibu, amejibiwa. Wenye magari walikuwa wakinuna na kuuliza, huyu mtoto ana hakika? Baba hakuniuliza mara ya pili, hata siku moja.

Sifa zikaenea. Mtu akitaka pikapu, awe wa Mikindani au wa Kisauni, alipita kwetu kumchukua Baba na mwanawe. Nilipewa soda na sahani ya viazi karai, nikarudi nyumbani kichwa kimevimba. Mama alikuwa hapendi. Alisema mtoto wa kike kugongagonga magari ya watu, nani atamuoa? Nimeolewa, Mama, Mungu akurehemu, na mume mwenyewe nilimkagua kwanza.

Nilipokuwa na miaka tisa Baba aliamua kuiuza pikapu ile apate kubwa kidogo. Mnunuzi alikuwa jirani yetu, Mzee Charo, mtu wa Kaloleni aliyekuwa akiuza nazi kwa jumla. Mpole sana, alitupa madafu bila kuombwa. Alitaka gari la kubebea nazi zake, na la kuivuta mashua ya shemejiye inapohitaji kutengenezwa. Pikapu ilikuwa imetoka kwa fundi siku chache nyuma, imepakwa rangi ya samawati mpya kabisa. Wakanywa kahawa uani, wakakubaliana, Mzee Charo akainuka aende zake na gari lake. Baba akamwambia angoje kwanza.

"Siti!" akaniita.

"Abee, Baba."

"Njoo ugonge."

Nikaenda nikirukaruka. Mlango, teng. Boneti, teng. Nikazunguka mpaka nyuma, kwenye kile chuma kinachoshika ndoano ya kuvutia. Bu. Nikagonga tena kando yake. Bu.

Wallahi, mwili uliniingia baridi juani. Pati, kwenye gari letu. Mtu aliyenifundisha kwamba kuficha kutu ni wizi kama wizi mwingine, ndiye huyu aliyeificha. Nikamwangalia. Kiganja chake kilikuwa juu ya bodi, macho yake mdomoni mwangu, na Mzee Charo yuko nyuma yake anatabasamu. Nikaona nikisema kweli namvua nguo babangu mbele ya jirani.

"Bati," nikasema.

Baba akatikisa kichwa kukubali. Hakuniuliza mara ya pili.

Haukupita mwezi. Mzee Charo alikuwa akiipandisha ile mashua kutoka ufuoni, shemejiye kwenye usukani, yeye mwenyewe nyuma akielekeza. Chuma kikameguka, ndoano ikang'oka, mashua ikarudi chini na kumvunja mguu. Sisi habari ilitukuta chuoni tukisoma Kurani. Tulipofika, yeye ameshapelekwa hospitali, na watu wameizunguka pikapu wakiokota vipande vya pati mchangani, vyeupe kama chaki. Mmoja akasema, lakini si mtoto aliigonga hii? Macho yote yakanigeukia. Nilijikojolea pale pale nimesimama, sioni haya kulisema.

Baba akaja akasimama baina yangu na wao. Akasema kwa ile sauti yake ya mtu asiyejisikia, kubwa kupita kiasi:

"Mtoto hana kosa. Mimi ndiye niliyemwambia aseme bati."

Hakuniambia. Mimi nilijua hakuniambia, na kwa akili yangu ya miaka tisa nikamaliza hesabu: kumbe alijua, na sasa amekiri. Nilishtuka siku ile nisiweze kula. Baba akaichukua pikapu, akamrudishia Mzee Charo haki yake yote, na akawa anambebea nazi zake kila siku mpaka mguu ulipounga. Uliunga vibaya. Mzee Charo alichechemea mpaka alipofariki, na hata siku moja hakuacha kutuitikia salamu, jambo lililonichoma zaidi kuliko kama angenitukana. Hakuna aliyemwita Baba tena kuchagua gari. Naye hakuniita tena kugonga. Nikadhani anaona haya mbele yangu.

Nami, Mungu anisamehe, nilimuweka pembeni. Shikamoo yangu alipata, chakula alipata, akiugua nilimuuguza. Lakini ndani mwangu nilikuwa nikisema, huyu ni mzee aliyemvunja jirani yake mguu kwa tamaa. Nimelibeba neno hilo miaka arobaini na miwili.

Tufike sasa. Mimi hukodisha mahema, viti na masufuria ya harusi na matanga, na nina jenereta ya magurudumu ambayo huvutwa nyuma ya gari. Kila shughuli nakodi pikapu ya mtu, nimechoka. Mwanangu Rama akaniletea simu: pikapu nyeupe, inang'aa, eti imetumika kidogo, mwenyewe alikuwa mtu wa ofisini. Akataka tutume oda siku ile ile. Nikamwambia, Rama, hata bilingani sinunui bila kuishika. Tukajiandaa kwenda kuitazama. Nilipotoka nje nikamkuta Baba, miaka themanini na minne, amevaa kofia yake ya Ijumaa, amekaa kiti cha mbele cha teksi. Hakuna aliyemwalika.

Pale yadini Rama alianza kujipiga picha na pikapu kabla hata ya kufungua boneti, anawatumia wenzake. Muuzaji akawa anatusomea sifa, redio, viti vya ngozi, taa za rangi. Baba hasikii hata moja. Akaenda moja kwa moja nyuma, akaweka kiganja juu ya kile chuma cha ndoano, akanitazama.

"Gonga," akasema.

Jamani. Mkono huu ulikuwa haujagonga gari tangu siku ya Mzee Charo. Nikagonga. Bu.

Muuzaji akaanza kueleza kwamba ni rangi tu, rangi nene ya kisasa. Nilikuwa namtazama Baba, naye anautazama mdomo wangu vile vile kama zamani.

"Pati, Baba," nikasema. Halafu machozi yakanitoka, na neno nililolifungia miaka yote likatoka nayo. Nikamsogelea sikio la kulia nikapaza sauti, yadi nzima ikasikia. "Siku ile ya Mzee Charo, wewe ulijua kwamba kuna pati?"

Akanishangaa kweli kweli.

"Ningejua, ningekuita wewe ugonge?"

Jambo rahisi hivyo, mtoto wa chekechea angeliona, na mimi sikuliona maisha yangu yote. Akaniambia, polepole, kwamba alimpa fundi gari achomelee chuma kipya, na fundi akala pesa za chuma akaweka pati. Yeye hakusikia. Aliniita mimi ili Mzee Charo asidhulumiwe. Na alipoziona zile pati mchangani alijua mara moja kwamba nilisikia bu, nikasema bati.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. "Kwa nini ulijitia kosa lisilo lako?"

"Ulikuwa na miaka tisa," akasema, akaondoa kiganja.

Niliketi juu ya tairi kuukuu nikalia kama aliyefiwa, Rama amesimama na simu yake hajui aniguse au aniache. Jina lake zuri Mtongwe, rafiki zake, magari ya watu wote wale waliokuwa wakimfuata, aliyatupa yote ili nisiitwe mwongo. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimhukumu.

Nilipopangusa uso tukazunguka yadi yote, mimi na yeye, kiganja na kidole, mpaka adhuhuri. Mwisho kabisa, ukutani, palikuwa na pikapu ya kijani iliyochujuka, mlango mmoja umebonyea, kiti kimepasuka. Nikaigonga kutoka boneti mpaka kwenye ndoano. Teng, teng, teng.

Rama akasema haitatoka vizuri kwenye picha. Watoto wa siku hizi wana kila kitu cha kutazamia, nawaonea huruma. Sisi tulikuwa na mtu mmoja anayetuamini, na hatukumjua mpaka tumeota mvi.

"Bati, Baba," nikasema. "Yote ni bati."

Rama akauliza kama nina hakika. Muuzaji naye akauliza. Baba alikuwa ameshafungua mlango uliobonyea, anapanda.