Pikapu ya Perce Hocking Yarudishwa Kiwandani

Lindsay Trewin ndiye mtu pekee hapa Kadina, Australia Kusini, anayesugua nati ambazo hakuna jicho litakaloziona mpaka Kiyama. Nimekuwa jirani yake kwa miaka ishirini na sita, kinachotutenganisha ni ua wa bati, kwa hiyo mtu asiniambie namsingizia. Alifanya kazi kwenye maghala ya nafaka, mzani wa malori, miaka thelathini na moja. Kazi yenyewe ilikuwa kumwambia mkulima aliyevuna juani wiki nzima kwamba shayiri yake ina unyevu, ageuze lori arudi nayo. Wenzake waliifanya kwa aibu kidogo. Lindsay aliifurahia. Alipostaafu akakosa watu wa kuwakatalia, akabaki na mkewe.

Mkewe ni Marj, shoga yangu, binti wa marehemu Perce Hocking aliyelima ngano na shayiri njia ya kwenda Paskeville. Perce alinunua pikapu ya Holden ikiwa mpya mwaka 1955, akaiendesha mpaka macho yakamkataa. Kisha ikasukumwa bandani, ikakaa humo miaka ishirini na mbili. Kuku walitagia kwenye kiti, na sakafu ililiwa na kutu mpaka ukikaa ndani unaiona ardhi. Shamba lilipouzwa, kaka zake Marj waligawana matrekta na kondoo. Marj akasema yeye anataka pikapu tu, nao wakamcheka.

Walicheka kwa sababu hawakuwahi kuufungua mlango wa dereva wakatazama vizuri. Ubao wa ndani wa mlango ule ulibanduka zamani, likabaki bati tupu, na Perce akaligeuza kuwa daftari lake la mvua. Kila iliponyesha alisoma kipimo chake pale getini, akaandika papo hapo kwa penseli, au kwa msumari kama penseli imepotea: tarehe, na pointi ngapi za mvua, pointi mia zikiwa inchi moja. Miaka thelathini ya mvua kwenye bati moja. Pembeni mwa mvua aliweka neno moja, mawili. "Mbwa kafa." "Mama kazikwa leo." Na kwenye Juni 1957 aliandika: "Pointi 40. Msichana." Msichana huyo ni Marj. Perce hakuwa mtu wa maneno. Marj aliwahi kuniambia jikoni kwangu kwamba hana barua ya baba yake hata moja, wala kadi ya siku ya kuzaliwa. Alichonacho ni ule mlango.

Siku trela ilipoileta pikapu, nilikuwepo. Marj aliweka mkono juu ya mlango.

"Lindsay, gari lote fanya utakavyo. Huu mlango usiuguse."

"Sawa, mke wangu. Mlango wako uko salama."

"Niapie."

"Nimeshasema sawa, jamani! Unataka nikuandikie?"

Laiti angeandika.

Mwanzoni alifanya vizuri, sitamnyima haki yake. Aliwatoa kuku, akakata kutu, akachomelea sakafu mpya kwa mikono yake. Kama angeishia hapo ningempelekea pasti zangu za nyama na viazi mpaka mlangoni. Lakini akajiunga na chama cha magari ya kale, na huko wakamwambukiza neno moja: orijino. Kila mwaka Oktoba chama hicho hufanya maonyesho kwenye uwanja wa mpira, na majaji hupita na makaratasi wakitoa alama kwa gari lililo vilevile kama lilivyotoka kiwandani. Tangu siku hiyo hakukuwa na amani kwenye ule ua.

Alitafuta kibano cha waya wa taa kwa wiki tisa. Kibano! Kitu cha kuziba kwa kidole. Mtu wa Port Pirie alimletea kioo cha pembeni bure, kizuri kabisa, naye akakishika kama panya aliyekufa.

"Hiki ni cha '56," akasema. "Unanitafutia aibu?"

"Nakutafutia kioo," yule bwana akajibu. "Basi endesha bila kuona nyuma."

Mashati yangu yalikauka kwenye kamba yakinuka dawa ya kubandulia rangi. Na kila Jumapili Marj alimuuliza swali lilelile kupitia dirisha la gereji: "Mlango vipi?" Naye alijibu bila kuinua kichwa: "Salama." Wiki sita za mwisho akatia kufuli gerejini. Eti anamwandalia mkewe zawadi ya kushtukiza. Mimi nilimwambia Marj, shoga, mwanamume anayefunga kufuli ana anachokificha. Akanijibu kwamba nimekaa peke yangu muda mrefu mno. Niliumia.

Ikafika Oktoba. Mimi nilikuwa kwenye meza ya chai, Marj akinisaidia, mpaka Lindsay alipotuita tukaone. Alivuta turubai kwa mbwembwe zote. Niseme kweli, iling'aa. Ilikuwa kijivu laini, bila hata mkwaruzo, utadhani haijawahi kupita kwenye barabara ya vumbi. Pikapu iliyobeba kondoo na magunia miaka thelathini! Kisha akafungua boneti, akatuonyesha maandishi ya chaki ya njano ubavuni: alama ya vema, namba mbili, na herufi za jina la mtu.

"Nini hii?" nikauliza.

"Alama za mkaguzi wa kiwandani. Walikuwa wanaandika kwa chaki gari likishapita. Nimezipata kwenye picha ya zamani."

"Kwa hiyo umeandika wewe?"

"Juzi. Kwa mkono wa kushoto, ili usifanane na mwandiko wangu. Majaji wanajua hayo mambo, Heather."

Nilicheka mpaka nikashika bampa, akanifokea nitoe vidole. Nilipogeuka nicheke na Marj, hakuwepo. Alikuwa amezunguka upande wa dereva na kufungua mlango. Ndani palikuwa na ubao mpya, umebanwa sawasawa, na juu yake rangi ya kijivu inayong'aa.

"Lindsay," akasema. "Mvua ya baba iko wapi?"

"Sikiliza, Marj. Kutu ilikuwa imeanza kule chini..."

"Iko wapi?"

"Ilibidi nipige msasa. Sikuwa na ubaya. Nimeurudisha mlango ulivyokuwa. Haukutoka kiwandani na yale maandishi."

"Na hii chaki ilitoka kiwandani?"

"Chaki ni sahihi," akasema Lindsay.

Aliyasema hayo kwa uso mkavu, bila hata kupepesa. Mtu aliyeghushi mwandiko wa mkaguzi asiyemjua, akafuta mwandiko wa baba wa mkewe, kisha anaita hilo usahihi! Nilitaka kummwagia chai. Nasikitika mpaka leo kwamba sikummwagia.

Akaongeza kwamba hata hivyo amepiga picha, iko kwenye faili. Kila gari lina faili lake la historia kwa ajili ya majaji, na lake lilikuwa na picha za uchafu wote alioukuta. Picha ya mlango aliiweka ukurasa mmoja na kinyesi cha kuku.

Jaji alikuja, mama wa Adelaide mwenye glavu nyeupe, akafunua faili. "Maskini wewe," akamwambia Lindsay. "Ulikuta wameuchorachora namna hii?" Lindsay akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayehurumiwa na anafurahi. Marj alikuwa kando yake, amesikia.

Lakini mzee Clarrie Bews, mkulima wa Paskeville, alikuwa akichungulia begani kwa jaji. "Hebu ngoja," akasema. "Si mwandiko wa Perce huo? Tazama '67. Agosti, pointi sita mwezi mzima. Mwaka ule tulitaka kulia." Akamwita mwenzake, na mwenzake akamwita mwingine. Punde wakulima saba wenye kofia walizunguka faili, wakisoma mvua kwa sauti, wakibishana ni lini mtaro wa fulani ulibomoka. Hakuna aliyekuwa anatazama gari.

Marj akapenya katikati yao. "Clarrie, nitafutie Juni '57."

Clarrie alisogeza picha juani, akaileta karibu na macho, akaigeuza. Lindsay alikuwa amepiga picha kwa taa ya kamera, na taa hiyo ilikuwa imegonga bati katikati. Kuanzia '56 mpaka '61 palikuwa na weupe mtupu.

"Haionekani, mama," Clarrie akasema polepole. "Pole sana."

Marj hakulia. Alimrudishia jaji faili, akaja kusimama karibu nami mezani, akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Nilijua yaliyomo moyoni mwake, nikampa kitambaa cha kufutia.

Saa tisa matokeo yakatangazwa. Lindsay alipata alama tisini na nane, nafasi ya kwanza. Alikuja mbio kwenye meza yetu, kombe kifuani, shingo nyekundu kwa furaha, akawapita watu bila hata kuwaomba radhi.

"Marj! Umesikia? Jaji anasema hajaona nyingine kama hii jimbo zima. Iko vilevile kama siku ilipotoka kiwandani!"

"Nimesikia," Marj akasema. "Siku hiyo baba yangu alikuwa hata hajaiona."

 Marj akavua aproni, akaikunja, akaniuliza kama kwangu kuna kitanda.