Programu Tatu na Mkono wa Bi Zuwena

Ziada binti Yunusu ndiye mpiga picha wa harusi hapa Kilwa Masoko. Mtoto mpole, hasemi mpaka aulizwe.

Juzi alipiga harusi ya Umi. Chumba alimowekwa bi harusi kilikuwa na giza hata paka aliingia akatoka anauliza njia. Nje jua lilikuwa kali, kuku wangu akataga yai limeshachemka. Nimelila mwenyewe. Sasa mama Umi anataka bintiye aonekane, na wageni wa uani nao waonekane dirishani. Ukipiga kwa ajili ya Umi, uani panakuwa peupe kama unga. Ukipiga kwa ajili ya uani, Umi anakuwa mkaa.

Ziada akapiga tatu mfululizo: ya giza, ya wastani, ya mwanga, ili akaziunganishe kwenye kompyuta ziwe moja. "Jamani, asitikisike mtu."

Umi hakutikisika. Amefundwa: macho chini, hata nzi akitua puani. Lakini somo wake aliyemfunda, Bi Zuwena, alikuwa anampepea, na somo akiacha kumpepea mwari mbele ya watu, huyo si somo tena. Akaendelea.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Bi Zuwena anafunda wari wa mji mzima, na yeye ndiye anayesema aitwe mpiga picha gani. Akiikataa picha, Ziada atabaki na picha za vitambulisho.

Programu ya kwanza ya kuziunganisha ilitoa chumba safi, uani safi, hadi shemeji anayetia pilau mfukoni anaonekana. Ila Bi Zuwena ana mikono mitatu ya kulia. Ya pili inajua kufuta kinachotikisika. Ikamfuta Bi Zuwena, ukabaki ukuta. Ya tatu ikamchukua Bi Zuwena kutoka picha moja tu, mkono mmoja wa kulia, kama alivyozaliwa.

Ziada akazitia zote kwenye simu, hiyo ya tatu mbele, tukafuatana hadi kwa Bi Zuwena. Sikuwa na kazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Lete." Akatazama. "Mbona nimeushika tu huu upepeo? Kama muuza samaki aliyekosa wateja."

"Ndivyo ilivyotoka, bibi."

"Huna nyingine?"

Kidole cha Ziada kikateleza, ikatokea ile ya mikono mitatu. Nikamwambia, "Mwanangu, umekwisha."

Bi Zuwena akavaa miwani. Akaigusa ile mikono, mmoja mmoja.

"Siku ile kulikuwa na joto."

"Sana, bibi."

"Nilifanya kazi."

"Ulifanya."

"Hii imetoka wapi?"

"Programu ya kwanza. Ile nyingine ni ya tatu."

"Hii isafishe kubwa, itundikwe sebuleni kwa kina Umi." Akavua miwani. "Wiki ijayo uje Miteja, kuna mwari mwingine, tunamfunda wawili, mimi na somo wa kule. Huyo mwenzangu mtengeneze kwa ile ya tatu."