Mtoto wa Kaya Mbili

Hadi alasiri Yusta alikuwa hoi bin taabani. Karani huyu wa takwimu katika kituo kimoja cha afya pale Kasulu alikuwa anajifunza XML, namna ya kupanga taarifa ili kompyuta za kwingine zizisome bila ubishi. Kila kitu kina alama ya kukifungua na ya kukifunga, na cha ndani hufungwa kabla ya cha nje. Basi. Lakini faili lake la orodha ya kaya lilikataliwa tena.

Mwenzake Twalibu akainamia skrini. "Dada Yusta, huyu mtoto umemfungua kwenye kaya ya mama yake, ukaja kumfunga kwenye kaya ya bibi."

"Si ndivyo anavyoishi!"

"Mashine haijui hayo. Mtoto aanzie na aishie kaya moja. Hebu jaribu na kaya yako."

Yusta akaandika jina lake, kisha la Brighton, mwanawe, aliyeko Kibondo kwa bibi tangu aache kunyonya. Akalitazama kitambo. Akafuta mstari wa Brighton, akaifunga kaya ikiwa na mtu mmoja.

Safari hii faili likapita.