Nilipokataa Kutia Sabuni Machoni mwa Sungura

Kikundi chetu cha akina mama wa Ngana, wilayani Kyela, kilianza na sabuni ya mawese, kisha tukaongeza mafuta ya kujipaka ya kakao. Mimi ndiye niliyefuga sungura, kwa ajili ya kitoweo. Kwa hiyo siku mnunuzi alipokuja kutoka Mbeya na kutaja sungura, macho yote yalinigeukia.

Alikuwa mtu mzima, mpole, kazi yake kusambaza vipodozi madukani. Alinusa sabuni yetu, akaisifu, kisha akasema hawezi kuichukua bila majaribio.

"Mnyoeni sungura mgongoni, mumpake mafuta. Mwingine mtieni maji ya sabuni jichoni. Andikeni yanayotokea kwa siku tatu. Kampuni kubwa zote za vipodozi zilianzia huko."

Wifi yangu, mwenyekiti wetu, alikubali palepale. Nami nikakubali. Sitaki kujisafisha hapa.

Asubuhi iliyofuata nilimpakata jike mmoja wa kijivu, wifi akamfunua kope, akadondosha maji ya sabuni. Sungura hapigi kelele kama mbuzi. Alirusha miguu ya nyuma, akanichana mkono, kisha akatulia akitetemeka, moyo wake ukipiga kwenye kiganja changu. Hadi jioni jicho lilikuwa limevimba na kujifunga. Wifi akaandika daftarini: "Jekundu." Akasema kesho tumtie tena, na wenzake wawili.

"Hapana," nikasema.

"Mbona unawachinja?"

"Nawachinja. Kisu kimoja, na tunakula. Huyu nimemshika ateseke ili tuandike kwamba sabuni inauma machoni. Ni mama gani hapa aliyewahi kuogesha mtoto asiyejua hilo?"

Mkutanoni nusu ya wenzangu walisimama na wifi. Waliniambia mnyama ni mnyama, na kwamba kiburi changu kitatunyima soko. Nikawajibu kwamba kiburi hicho ninacho, banda ni langu, na halifunguliwi.

Jirani yangu alikuwa muuguzi aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Nilimpelekea ndizi, nikamweleza yote. "Ndaga," akanishukuru kwa Kinyakyusa chake cha kujifunza, halafu akanionyesha namna ya kumsafisha sungura jicho. Akasema mawese na kakao watu wamejipaka tangu zamani. Kitu cha kupima ni makali ya sabuni, na ipo karatasi inayobadilika rangi kwa kazi hiyo. Mafuta yapakwe kidogo ndani ya kiwiko cha mtu mzima aliyekubali mwenyewe, asubiri siku mbili. Akaniambia pia kwamba siku hizi zipo maabara zinazokuza vipande vya ngozi ya binadamu kwenye vibakuli na kujaribia humo.

"Sisi maabara hatuna," nikasema.

"Ngozi mnazo."

Wenzangu wakakubali tujaribu njia hiyo, na mwalimu wa sayansi wa sekondari akatupa karatasi chache. Ya kwanza ikageuka zambarau iliyokolea. Sabuni yetu ilikuwa kali mno, maana tulikuwa tunaikata na kuiuza kabla haijakaa. Tukaiacha kwenye chanja wiki sita, tukapima tena, rangi ikapungua. Mafuta tukayapaka viwikoni, wale tuliokubali, na wawili wakawashwa. Tukapaka tena bila manukato tuliyokuwa tumenunua mjini, hakuna aliyejikuna. Manukato tukayaacha.

Mnunuzi aliporudi alipekua daftari hadi mwisho.

"Majaribio ya sungura yako wapi?"

"Ukurasa wa kwanza," nikasema. "Mmoja tu. Hakuna mwingine, na hatakuwepo."

"Mama, wateja wangu hawajali sungura."

"Basi waulize kama wanajali kuwashwa. Hilo tumelipima."

Alifunga daftari, akanirudishia kwa heshima, akaondoka bila kipande hata kimoja.

Sasa tunauza kwenye gulio la Ipinda na Kyela mjini. Wenzetu watatu walijitoa. Yule jike alipona, ila jicho limebaki na ukungu, na nikilitazama najua mkono uliomshika ulikuwa wangu.

Wifi hakujitoa. Juzi tukikoroga mawese aliniambia tena, bila kuniangalia, "Ulitupotezea maduka ya Mbeya."

"Niliyapoteza," nikamwambia. "Akirudi kesho na sharti lilelile, nitayapoteza tena."

Aliinamia mafiga. Moto ulikuwa umefifia, akasukuma kuni ndani.